Gunia la Mikia Myeupe

Namuwongo, upande wa bondeni karibu na reli, palikuwa na karakana iliyoishi kwa kuwadanganya samaki wa bahari ambayo hakuna fundi wake hata mmoja aliyewahi kuiona. Mafundi kumi walikaa mezani wakifunga manyoya na nyuzi za kumetameta kwenye ndoana, mpaka ndoana zikafanana na dagaa au kamba wadogo. Vyambo hivyo wenyewe waliviita nzi. Ndoana ziliroweshwa kwanza katika beseni la maji ya chumvi, na iliyoshika kutu ilitupwa. Nerima, mwenye karakana, alikuwa Mkenya wa Bungoma, na kwenye kazi hakujua masihara.

Mtafuta vifaa wake alikuwa Lawrence Odyek, mwana wa askari, mzaliwa wa kambini. Manyoya ya jogoo aliyapata soko la Wandegeya, singa za mbuzi alijua pa kuzipata. Safari hii, hata hivyo, mteja alikuwa ametuma kielelezo kipya kilichotaka singa nyeupe za mkia wa ndama, zile zinazojisokota zenyewe. Machinjioni ng'ombe karibu wote ni wa rangi ya kahawia. Lawrence alihangaika siku kumi akaambulia mikia mitatu.

"Odyek, wiki ijayo nikikosa hizo singa, mteja ameenda," Nerima alimwambia. "Lakini mkia usio na karatasi ya mkaguzi wa nyama usiniletee hapa."

"Ndiyo, Madam."

Kukubali ni kazi ya ulimi tu. Siku ya pili yake mchuuzi mmoja, Okwir, alimshushia gunia zima la mikia myeupe kutoka mashambani. Lawrence alilifungua, moyo ukamdunda kwa furaha, kisha akauliza ilikotoka.

"Afande, ndama zilikufa tu, ugonjwa ya kijijini," Okwir alisema bila kupepesa macho. "Lakini ng'ombe ndiyo ilikufa. Nywele haikufa."

Lawrence alicheka, akalichukua gunia. Karatasi aliazima kwa rafiki yake wa machinjioni, ya ng'ombe wengine kabisa. Nyumbani alichuna mikia kwa kisu, na mkewe Ayaa akazichana singa kwa kitana ili kutoa manyoya mafupi ya ndani. Mvua ilikuwa ikinyesha, madirisha yamefungwa, vumbi jepesi likatanda chumbani. Ayaa alipiga chafya akaendelea kuchana, kwa kuwa alimpenda mumewe na alitaka asifiwe kazini.

Siku ya tatu Lawrence aliota kijipele mkononi, juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale kisu kilipomparura. Kiliwasha, hakikuuma. Baadaye kikawa kidonda cheusi katikati kama kipande cha mkaa. Alikijua. Kwa bibi yake huko Lango aliwahi kuona mzoga ukichomwa moto bila ngozi kuguswa, na jina la ugonjwa aliambiwa: kimeta. Heri asingekijua, tungemhurumia. Alivaa shati la mikono mirefu, akaipeleka mizigo kwa Nerima, akapewa mkono wa pongezi.

"Baba Akech, hiyo mkono iko na nini?" Ayaa alimuuliza.

"Pasi ilinichoma."

"Pasi gani? Umeme imepotea siku mbili."

"Ya makaa. Ya jirani."

Ayaa alitaka kumtania, kwani tangu waoane hakuwahi kumwona akipiga pasi, lakini kikohozi kikamkatiza. Kufika asubuhi mwili ulikuwa moto na kifua kimembana. Lawrence alimpeleka kwenye zahanati ya jirani, kwa Daktari Zubaida.

"Mama amekuwa karibu na wanyama?" daktari aliuliza. "Ngozi, mzoga, manyoya?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Lawrence. Akaona maofisa wakilichoma gunia, karakana ikitiwa kufuli, mafundi kumi wakimkodolea macho. Akajiambia kwamba huenda ni mafua ya mvua tu.

"Hapana, Daktari. Sisi ni watu ya mjini."

Ayaa alimtazama mumewe, kisha akainamisha kichwa. Alimsitiri, maskini, kama alivyofundwa. Akatibiwa homa ya kawaida, na kesho yake akala uji akamaliza bakuli. Lawrence alimshukuru Mungu, na kwa siri alijiona mjanja.

Adhuhuri iliyofuata pumzi ilimwishia Ayaa ghafla. Walimkimbiza zahanati, midomo imegeuka rangi, na kabla mtungi wa hewa haujafunguliwa alikuwa amekata roho. Lawrence alinyoosha mkono kumfumba macho. Mkono wa shati ukapanda juu, na Zubaida akamkamata.

"Hii ni nini?"

Lawrence alijaribu kuushusha mkono wa shati.

"Juzi nilikuuliza."

Hapo ndipo alipoyatapika yote, gunia, karatasi, kitana, huku akilia kama mtoto. Zubaida alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaelekeza kidole kwenye kabati lililokuwa nyuma ya kiti alichokalia Ayaa juzi.

"Dawa iko mle. Ungesema, ningemwanzishia siku ile ile."

Gunia lilichomwa. Karakana ilifungwa, mafundi wote kumi wakapanga foleni ya vidonge, na mteja wa ng'ambo hakusikika tena. Nerima alikuja msibani, akakaa na wanawake wenzake jikoni. Alipoondoka alimwambia Lawrence neno moja tu.

"Ile karatasi nilikuwa naitaka kwa ajili ya mikono yenu, si kwa ajili yangu."

Kidonda cha Lawrence kilipona kwa vidonge, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Siku moja binti yake Akech alimuuliza mama alikuwa anaumwa nini. Lawrence alitafuta uongo mwingine akaukosa, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Akalitaja jina la ugonjwa, akataja na jina lake mwenyewe kuwa ndiye aliyeuleta nyumbani, na mtoto akatoka nje. Naam, mficha maradhi, kifo humuumbua.