Kuonja Si Kula

Palikuwa na liwali katika mji wa Ungamani, Thuwein jina lake, mtu ambaye tumbo lake lilifika barazani kabla yake. Cheo alipewa, haya akanyimwa. Wenzake walikula wapate kuishi. Yeye aliishi apate kuonja. Lishikeni neno hilo, kuonja. Ndilo lililomlisha, na ndilo lililomkaba koo.

Ungamani ilisifika kwa vunja jungu. Siku za mwisho za Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu walimiminika kutoka bara na visiwani, wale washibe, wacheze kirumbizi kwa fimbo, watazame ng'ombe wakichezwa uwanjani. Wengi walilala kwa Bi Mize, mjane aliyekuwa na nyumba ya wageni: kitanda, chai ya asubuhi, na siku ya vunja jungu pilau ya mchana. Nyumba hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, na nyingine hakuwa nayo. Ulimi alizaliwa nao.

Mwaka mmoja Liwali akapiga mbiu. Mgeni yeyote asitie tonge kinywani kabla Liwali hajakionja chakula, asije mtu akalishwa sumu katika mji wake. Watu wakatazamana. Tangu Ungamani ijengwe, aliyewahi kuuawa na chakula ni mmoja tu, naye alivimbiwa.

Asubuhi ya vunja jungu akafika kwa Bi Mize na mwiko wake mwenyewe. Akaonja mahamri, yakabaki makombo. Akaonja mbaazi za nazi juu, akasema sumu hukaa katikati. Akaonja katikati, akasema sumu huzama. Akaonja chini, mwiko ukakwaruza chungu. Mchana akarudi kuionja pilau, akawaachia wageni ukoko. Bi Mize alisimama mlangoni hasira zimemjaa, na wageni wanamtazama yeye kama ndiye mwizi. Jioni wakaenda kushtaki kwamba wamelazwa njaa. Jamani, kushtaki kwa nani? Kwa Liwali yule yule, angali anajilamba vidole.

Kesho yake Bi Mize akaitwa barazani. Liwali akamwambia kwamba nyumba inayolaza wageni na njaa inauaibisha mji, na kwamba ingefaa zaidi mikononi mwa shemeji yake yeye Liwali. Hapo mjane akaelewa. Pilau ilikuwa kionjo tu. Kilichotamaniwa ni nyumba.

"Bwana," akasema, "chakula cha wageni wangu umekula wewe."

"Nimekula? Mimi nimeonja."

"Chungu kizima?"

"Hata vyungu saba. Kuonja si kula. Muulize Kadhi hapa: aliyefunga akionja mchuzi, saumu yake inaharibika?"

Kadhi, ambaye naye alikwisha alikwa kuonja mara kadhaa, akasema haiharibiki. Namna ya kuonja hakuitaja. Kuna elimu nyingine humezwa pamoja na nyama.

"Umesikia," Liwali akasema. "Nitaonja kila siku. Na akilala njaa mgeni mmoja tena, ufunguo uniletee."

"Kila siku, bwana?"

"Kila siku aliyoiumba Mungu."

Bi Mize akawageukia watu, akawauliza kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Akajitanda buibui lake, akaenda zake. Walimwonea huruma sana, ingawa wapo walioanza siku hiyo hiyo kumsalimu shemeji kwa unyenyekevu.

Magharibi hiyo mwezi ukaandama. Kesho yake mji mzima umefunga. Baada ya sala ya alasiri, saa ile mate yamekauka na hata moshi wa jirani ni mtihani, watu walijaa barazani kwa Liwali wakingoja jua litue. Akatokea Bi Mize, chungu kichwani. Akakitua miguuni pa Liwali, akafunua. Muhogo wa nazi, umeiva ukaiva, na vipande vya nguru juu yake. Matumbo yakanguruma, la Kadhi likiongoza.

"Nashika miguu, bwana. Futari ya wageni wangu hiyo. Onja."

"We mwanamke una wazimu? Nimefunga."

"Najua, bwana. Nani amekwambia ule?"

Watu wakaziba vinywa kwa mikono. Liwali akamtazama Kadhi. Kadhi akatazama makubadhi yake.

"Kipeleke ndani," Liwali akasema. "Nitaonja magharibi."

"Magharibi, bwana, huko kunaitwa kufuturu, na sikukualika. Tena wageni wangu hawawezi kufungua kinywa kabla yako, ndiyo amri yako. Wakilala njaa leo, ufunguo nimpe nani?"

Jasho likamtoka mkubwa. Akisema kuonja ni kula, ameungama kula chakula cha watu. Akisema si kula, chungu kile hapo, aonje mchana wa saumu kama alivyozoea, na mji wote unamkodolea macho. Akatafuta pa kupenya, akadhani amepaona.

"Nitaonja," akasema, "kama sheria inavyotaka. Ncha ya ulimi tu, kisha natema."

"Na sumu iliyozama chini?"

"Ncha ya ulimi yatosha."

"Na Ramadhani ikiisha, kuonja kutakuwa kupi?"

"Ni kule kule, mwanamke. Kuonja ni kuonja. Sheria haigeuki kwa kuwa mwezi umegeuka."

Bi Mize akapiga goti kwa adabu. Akatoa kopo chini ya buibui, akaliweka mbele yake, kando ya chungu.

"Nilijua utasema hivyo, bwana, ndiyo maana nikaja na la kutemea. Ni lako, kaa nalo. Siku ya Idi uje nalo kwangu: wageni watameza, wewe utatema."