Chai ya Mzee Kapinga

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mashine zilikwisha kujua kutazama ndani ya mtu, Mzee Kapinga, mkulima wa kahawa wa kule Mbinga, alivimba ini. Akapelekwa hospitali kubwa, mbali. Daktari Mwakyoma akamwambia, "Mzee, kesho tutakudunga sukari yenye mionzi. Saratani ni mlafi. Ikiila, itawaka kwenye picha. Ila usile kitu kabla."

Asubuhi, katika nyumba walikofikia, mkewe, Bi Akwinata, akamtilia chai tamu. Kwao mtu haachwi kutoka mlangoni na koo kavu. "Kunywa, baba Skola. Chai nayo ni chakula?" Akanywa.

Daktari akauliza, "Umekula?"

"Sijala, mwanangu."

Akamtoboa kidole, akaona sukari ya damu imepanda. Ilimpasa amwambie arudi siku nyingine, maana saratani iliyokwisha kushiba chai haitaigusa sukari ya mionzi. Lakini foleni ilikuwa imefika nje, akamdunga hivyohivyo.

Picha ikatoka safi, hakuna palipowaka. Mzee akacheka, jamani, akacheka mpaka akafuta machozi.

Daktari akamvuta kando binti wa mzee, Skolastika. "Dada, picha hii isikudanganye. Ipo saratani ya ini inayokua polepole, sukari haiitaki. Hiyo huonekana zaidi kwa dawa nyingine ya mionzi, iliyo jamii ya siki badala ya sukari. Lakini dawa hiyo hufifia upesi, haivumilii safari. Mpeleke nje ya nchi, inakotengenezwa."

Skolastika akamtazama baba yake anavyocheka. Akamrudisha Mbinga bila kumwambia.

Masika yakapita. Mzee akawa manjano, tumbo likamjaa maji. Wakamrudisha hospitali ileile, na safari hii haikuhitajika picha. Saratani ilionekana kwa macho.

Wakamzunguka kitandani. Mkewe akalia, "Mume wangu, mimi ndiye nimekuua, kwa chai yangu."

Daktari akasema, "Mama, chai yako niliiona kwenye damu, nikaipitisha. Ni mimi. Tena huenda saratani yake ni ile isiyotaka sukari, na chai haikuharibu kitu. Hatutajua kamwe."

Binti akasema, "Mama hakujua. Wewe, daktari, uliniambia. Mimi nilijua, nikaona uchungu kumnyang'anya baba kicheko chake. Ni mimi."

Hakuna aliyemfariji mwenziwe. Angemfariji kwa lipi?

Mzee alisikia yote. Akasema, "Nimechoka na vilio vyenu. Nguvu iliyobaki inatosha kushika mkono wa mmoja tu, nimuage, ajue sina kinyongo naye." Akauinua mkono wake.

Mikono mitatu ikanyooshwa. Wa mke, wa daktari, wa binti. Mkono wa mzee ukasogea, ukaanguka juu ya shuka kabla ya kugusa hata mmoja. Akawa amekwisha kufa.

Wale watatu wapo hai mpaka leo, na kila mmoja anaamini mkono ule haukuwa ukienda kwake. Mimi nimelifikiria jambo hili hadi nimekata tamaa. Haya, ninyi mlionisikiliza: je, nani alistahili kushikwa mkono?