Kiti Kilichobaki Nje ya Pango

Nyinyi mnaosugua magoti na kunung'unika kwamba mlango wa pango la Mwagandi ni mfupi, tulieni kwanza. Hata zamani ulikuwa mfupi hivi hivi, ila haukuwa sheria. Lilikuwa tundu tu kwenye mwamba. Kila kiangazi, jua lilipokausha visima na watu wakaanza kugombana ovyo, kijiji kizima kilitambaa kikaingia humo kwenye ubaridi, kikapiga ngoma na kucheza kwa siku tatu.

Msondo, ile ngoma kubwa, ulikuwa mikononi mwa Mbodze, mjane mfupi asiyejua kunyamaza. Alikuwa ameupiga miaka ishirini. Akipiga mara moja, mwamba ulimrudishia mara tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa raha ya maisha yake.

Kisha akatawazwa Jumbe Mwaruwa. Huyu alijichongeshea kiti cha mvule, akawa anabebwa juu yake na wanaume wanne hata akienda kwa jirani. Kiangazi kilipofika, akatangaza kwamba mlango wa pango utavunjwa upanuliwe, ili naye aingie akiwa amekaa kitini.

Mbodze alimfuata barazani. Alimweleza kwa heshima zote kwamba sauti ya pango inakaa ndani kwa sababu mlango ni mdogo. Ukipanuliwa, itamwagika yote nje, na ngoma haitajibiwa tena.

"Mama Mbodze," Jumbe akasema, "mimi siingii mahali kwa magoti."

"Basi usiingie, Jumbe."

Waliokuwepo wakatazama chini. Mbodze alirudi kwake. Aliogopa, tusidanganyane, maana Jumbe alishawahi kumfukuza mtu kijijini kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini alipofikiria pango limekuwa bubu, hasira ilimpanda kuliko hofu.

Asubuhi ya sikukuu watu walijaa nje ya pango, Jumbe katikati yao, juu ya mabega ya wabebaji wake. Fundi wa mawe, Nyale, alipofika na nyundo na tindo, alimkuta Mbodze ameketi pale pale mlangoni, msondo katikati ya magoti.

"Vunja," Jumbe akaamuru.

Nyale akagonga juu ya mlango mara tatu. Kigae cha jiwe kikamchana Mbodze kwenye paji la uso, damu ikamwingia jichoni. Hakuifuta. Alianza kupiga msondo, na nyuma yake pango likaitika.

"Nyale," alisema bila kuacha kupiga, "baba yako alichezea humu. Ukitaka kuvunja, anza na mimi."

Nyale aliitazama ile damu, akaweka nyundo chini. Mbodze akasogeza goti moja, fundi akatambaa akapita. Akafuata mkewe, kisha wazee, kisha umati mzima, mmoja mmoja, mbele ya macho ya Jumbe.

Wabebaji wanne walibaki juani. Walijitahidi, maskini, lakini miguu ilishaanza kucheza yenyewe, na kiti kikawa kinayumba huku Jumbe amekishika kwa mikono miwili. Mwishowe walimtua taratibu, wakamwomba radhi, wakaingia kwa magoti.

Jumbe alikaa peke yake mpaka jua likawa utosini. Hakuna aliyetoka kumwita wala kumfukuza. Ngoma ya tano ilipoanza, alinyanyuka akaenda kwake kwa miguu. Kiti hakikuwa na wa kukibeba. Maji ya chokaa kutoka mwambani yakakidondokea miaka na miaka, mpaka kikawa jiwe.

Na tangu siku hiyo, kila mtu huingia pango la Mwagandi kwa magoti, na kabla ya kuingia hugusa zile alama tatu za tindo juu ya mlango. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alitambaa na suti yake, akatokea ndani na vumbi mpaka kwenye tai, na alicheza vizuri tu. Mlango hatuupanui. Asiyetaka kuinama, kiti chake kipo pale nje.