Dawa ya Bwana Khatibu

Bwana Khatibu alikuwa na mashine ya dizeli ya kusaga nafaka, na kwa moshi wake hata mbuzi weupe wa mtaa ule walishakuwa weusi. Sheha, kiongozi wa mtaa, alipotangaza kodi ya moshi, tajiri akaja juu.

"Mkinitoza, unga utapanda bei! Na moshi wangu ni dawa ya kifua. Nyinyi ndio wa kunilipa mimi!"

Watu wakanywea, maana unga waliutaka. Bi Mize, muuza vitumbua, akakohoa mpaka mtandio ukamwanguka, kisha akasema kwa upole, "Bwana mkubwa kasema kweli. Tutalipa."

"Mwenye akili huyo!"

"Ila mganga huionja dawa yake kwanza, mbele ya wagonjwa. Au unaogopa?"

"Niogope dawa yangu mwenyewe?"

Basi bomba la moshi likageuzwa, likaingizwa dirishani kwake, naye akaingia ndani, na mashine ikawashwa. Bi Mize akateleka chuma chake cha vitumbua barazani, wenzake wakakaa kungoja. Kitumbua cha kwanza hakijaiva, Khatibu akatoka mbio, mweusi tii, akikohoa.

"Sheha! Nitoze kodi!"

"Dawa haitozwi kodi," akajibu Bi Mize, akigeuza kitumbua. "Rudi ndani, bwana, hujamaliza dozi."