Jicho la Bi Rayhana

Wametuhadithia waliotutangulia, na ujuzi wote uko kwa Mola, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani aliishi mjane mfumaji, Bi Rayhana binti Yunus, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa ndui tangu utotoni. La kulia ndilo lililomlisha yeye na dada yake Lubaba, aliyepooza miguu, ambaye hakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani.

Jirani yao, mwashi aitwaye Dhakwan, alikuwa na ada mbaya ya kuzima chokaa kwa maji katika shimo la uchochoroni wanakopita watu, bila ya kulizungushia chochote. Asubuhi moja alimwaga maji, chokaa ikachemka na kuruka, ikamwingia Bi Rayhana katika jicho lile lile zima. Kufika adhuhuri alikuwa kipofu.

Shauri likafika kwa Kadhi wa mji, Sheikh Ubayd, mtu mcha Mungu na mkavu wa maneno. Bibi alidai yeye na dada yake walishwe na Dhakwan maisha yao yote, kwa kuwa kazi yake ya kufuma imekwisha.

Dhakwan akasema, "Ewe Kadhi, mimi nimeharibu jicho moja. Lile jingine ni la ndui. Mbona nibebeshwe upofu mzima?"

"Mwenye kumdhuru mtu humdhuru jinsi alivyomkuta," akajibu Kadhi. "Wewe ukitolewa jicho moja, unabakiwa na la pili. Huyu umemwachia nini?"

Dhakwan akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Lakini nilimpigia kelele aondoke. Wallahi nilimpigia, mara mbili."

Kadhi akamgeukia Bi Rayhana, akamtaka ajibu kwa kiapo: kelele zile alizisikia?

Hapakuwa na shahidi. Akisema hakusikia, mkate wake na wa Lubaba umepatikana mpaka kaburini. Na nani angemshangaa bibi kizee asiyesikia vizuri? Bi Rayhana akaelekeza uso upande ilikotoka sauti ya Kadhi.

"Nilizisikia," akasema.

"Basi mbona hukuondoka?"

"Niliondoka, ewe Kadhi. Nikaenda upande wa shimo, kwa sababu sikuliona."

Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo alipofichua jambo alilomficha hata Lubaba. Miaka miwili utando ulikuwa ukilifunika jicho lile, na nyuzi alikuwa akizihesabu kwa kuzigusa na midomo. Alitoka nje, uchochoroni, kila asubuhi kwa kuwa jua la pale ndilo pekee lililomwezesha kutenganisha uzi mweupe na mweusi. Tabibu alikwisha kumwambia kuwa mwaka hautapita kabla jicho halijafa kabisa.

"Wateja niliwaficha," akasema, "na kwa hilo namwomba Mola msamaha. Lakini kiapo cha uongo siwezi."

"Unajua maneno haya yatakufanya nini?"

"Najua. Lubaba ndiye asiyejua."

Kadhi akahukumu kwamba Dhakwan ana kosa, kwani kelele hazifuniki shimo. Lakini hawezi kutozwa nuru ambayo Mola alikwisha kuanza kuichukua. Atawalisha kina bibi hao mwaka mmoja, ule uliokuwa umebaki katika jicho. Wanasema aliandika huku machozi yakidondokea karatasi, na hakufuta hata neno.

Najua, msomaji, unangoja mlango ugongwe, aingie mtu asiyejulikana na gunia begani. Nami nimelelewa kwa visa vya namna hiyo na ninavipenda. Hiki sicho. Dhakwan alileta unga kila mwezi bila ya kupunja, na wa kumi na mbili ulikuwa wa mwisho. Shimo lake alilifunika. Majirani walisaidia siku kadhaa, kisha wakachoka, kama tunavyochoka sote. Baridi iliyofuata Lubaba akafariki, na dada yake akamwosha kwa kupapasa.

Miongoni mwa wanawake waliokuja kuhani, mmoja alishindwa kujizuia. "Neno moja tu, Bi Rayhana," akamwambia. "Ungesema hukusikia, dada yako asingekufa kwa njaa."

Bi Rayhana akalia sana, na mimi kila nikifika hapa moyo huniuma, maana yule mwanamke hakusema uongo.

Alipotulia akasema, "Nalijua hilo kuliko wewe, mwanangu. Lakini kuishi kipofu nimekwisha kuishi. Niliogopa kufufuliwa kipofu."

Ndugu yangu, sisi hulitaja jina la Mola kwa uongo juu ya bei ya vitunguu, na wala njaa hatuna. Mwenyezi Mungu amkutanishe Bi Rayhana na dada yake mahali penye mwanga, na atusamehe sisi tunaoona.