Wimbo Usio na Mlango

"Sauti ni ya kuitikiwa, si ya kusifiwa." Mama yenu amemwambia hivyo Elinaja alipokuwa analia kwamba hakuchaguliwa kuimba peke yake kanisani, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni basi. Elinaja, kaa hapa karibu nami. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huku kwetu milimani Upare, kulikuwa na msichana aitwaye Nakijwa. Mungu alimjalia sauti nzuri, na kazi yake ilikuwa kuimbisha kwenye msaragambo, siku ile kijiji kizima kinapotoka kufanya kazi ya wote. Yeye alitoa neno, watu wakaitikia, majembe yakashuka kwa pamoja.

Mwaka mmoja aliitwa kuimba harusini kwa mtawala. Aliimba peke yake, watu kimya mpaka mwisho, kisha wakamshangilia. Mtawala akamvika ushanga. Tangu hapo hapakuwa na sherehe kule bila yeye. Akajifunza kuirefusha sauti, kuizungusha na kuipandisha mpaka watu washike vichwa. Jina lake likavuka milima. Lakini akirudi nyumbani hakuwa na raha, wala hakujua kwa nini.

Basi ukuta wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, ukapasuka. Mawingu ya masika yalikwisha kutanda. Mvua ikinyesha kabla ufa haujazibwa, maji yangeubomoa ukuta wote, na kiangazi kingetukuta hatuna tone. Pembe ikapigwa, watu wakatoka. Asubuhi hiyohiyo akafika mjumbe wa mtawala, amekuja kumchukua Nakijwa akaishi huko moja kwa moja, awe mwimbaji wa mtawala.

"Ngoja kwanza niwaimbie hawa," Nakijwa akamwambia.

Mjumbe akaketi ukingoni, akakunja vazi lake lisiguse tope.

Nakijwa akaimba kama alivyozoea kwa mtawala. Lo, ile sauti! Waliobeba udongo wakasahau kuupokezana. Majembe yakatulia. Watu wakabaki wamesimama, na maji yakiendelea kuchuruzika ufani.

Mzee Sekiete akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mbele ya watu.

"Mwanangu, umeimba vizuri hata jembe langu limelala."

"Kwani hamfurahi, baba?"

"Tunafurahi mno. Ndiyo taabu yenyewe. Hebu tazama ukuta."

Nakijwa akatazama, akainamisha kichwa. "Kule kwa mtawala wakinisikia hunyamaza."

"Kule wamekaa, mwanangu. Sisi tumesimama kwenye tope. Wimbo wako ni nyumba nzuri, ila haina mlango. Sisi tuingilie wapi?"

Bibi mmoja kibogoyo, aliyekuwa ametega sikio, akadakia, "Meno sina, lakini kuitikia naweza! Nipe changu, mjukuu wangu!"

Watu wakacheka, na Nakijwa akacheka nao. Kisha akavua ushanga usimsumbue, akaingia topeni, akatoa neno fupi.

"Ukuta u wapi?"

"U mikononi!"

"Mikono ya nani?"

"Yetu sote!"

Majembe yakashuka. Udongo ukapita mkono hadi mkono. Hata Mbonea mwenye kigugumizi aliitikia bila kukwama. Sauti ya Nakijwa ilitoka ndogo, ikamrudia kubwa kama mlima, naye akahisi moyo wake umejaa kama mtu aliyeshiba baada ya njaa ndefu. Ndipo akajua kile alichokuwa amekikosa.

Mvua ilipoanza, ufa ulikuwa umezibwa. Maji yakapanda, ukuta ukasimama.

Nakijwa akamgeukia mjumbe aagane naye. Hakuwepo ukingoni. Alikuwa katikati ya mstari, udongo mikononi, vazi limelowa tope mpaka kiunoni.

"Nisalimie mtawala," Nakijwa akamwambia. "Akiwa na kazi ya kuitikia, nitakuja kumwimbisha. Nyumbani kwangu ni hapa."

Mjumbe akarudi peke yake. Mtawala akakasirika. "Mwimbaji wangu yuko wapi? Hata sifa nilizomtumia hukumfikishia?"

"Nisamehe, bwana," akajibu. "Sikupata nafasi ya kumsifu. Nilikuwa nikimwitikia."

Mtawala akalitazama lile tope vazini mwake. Naye ndiye aliyeyasema kwanza maneno haya, wajukuu zangu: sauti ni ya kuitikiwa, si ya kusifiwa.