Ada ya Bwana Pimbi

Wewe Kibwana, ondoa hicho kicheko usoni kabla sijakiondoa mimi. Unasema wanyama hawana pesa? Wewe una sarafu za kwenye simu. Hazishikiki, hazilii ukizitikisa, dunia nzima inaziona zikitoka hapa zikienda pale, ila jina la mwenyewe tu ndilo halionekani. Hizo unaziamini. Ngano ya bibi yako ndiyo unaitilia shaka! Shika adabu. Na nyinyi wengine itikieni kwa nguvu, msiitikie kama wagonjwa.

Sikio!

— Li wazi!

Mdomo!

— Umefungwa!

Ngano ni ya nani?

— Ya aliyenyamaza!

Haya, nyamazeni basi.

Hapo kale pesa za wanyama zilikuwa simbi, yale makombe madogo ya baharini. Mtu hakukaa nazo nyumbani. Alizitia shimoni, akafunika kwa jiwe, akalinong'oneza jiwe jina lake. Jiwe limefunga. Ukija ukataja jina hilo, jiwe linabiringika lenyewe: gwiri! Ukitaja jina jingine, jiwe halitikisiki, ila siafu wanatoka chini yake, na siafu hawaulizi kama umekuja kwa heri au kwa shari.

Na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: malipo si malipo mpaka Hondohondo ayatangaze. Ndege yule, mdomo kama jembe, alikaa juu ya mti mkavu akipaza sauti: "Hoo! Hoo! Simbi tatu, kutoka shimo la mgunga, kwenda shimo la kichuguu!" Jina la mtu hataji, anataja shimo tu. Hivyo hakuna aliyelipwa akakana. Desturi nzuri. Lakini penye desturi nzuri hapakosi fisi.

Alikuwako Mama Kanga, mjane, vifaranga wanane nyuma yake, pi-pi-pi mchana kutwa. Aliuza manyoya yake yenye madoa, unyoya mmoja simbi moja. Alitaka simbi tisa, anunue kapu la mbegu za mtama kwa Mchwa. Asipopanda mvua ikinyesha, vifaranga watakula nini? Mawe?

Akaja Fisi. "Hodi, Mama Kanga! Niuzie unyoya mmoja nijipambe."

"Fisi kujipamba? Utaanzia wapi, baba?"

"Uza, mama, acha maneno."

Akalipa simbi moja. Juu huko: "Hoo! Hoo! Simbi moja, kutoka shimo la mfupa, kwenda shimo la mchongoma!" Fisi akatega sikio. Ahaa! Akaenda mchongomani, akainama: "Kanga!" Gwiri! Akakomba zote, pamoja na ile yake.

Mwaka wa pili Kanga akahamia shimo jingine. Fisi akanunua unyoya mwingine, akasikiliza, akaenda. "Kanga!" Gwiri! Akakomba zote. Kobe alifanyiwa hivyo hivyo. Kindi alifanyiwa hivyo hivyo. Fisi akanenepa mpaka shingo ikapotea.

Mwaka wa tatu Kanga alikuwa na simbi kumi, na mawingu yameshaanza kukusanyika. Lakini Mchwa hafungui ghala mpaka tone la kwanza lianguke, ndivyo alivyo. Na asubuhi moja Fisi akaja tena kununua unyoya. Kanga akazitoa simbi zake, akazibana chini ya bawa, mbio mpaka mawe ya Pimbi.

Mnamjua Pimbi? Kanyama ka majabalini, hakana mkia, na watu wakitaka kumtukana mjinga humwita kwa jina lake. Mwenyewe hana habari. Anaota jua tu.

"Bwana Pimbi, nifiche!"

"Wewe hufichiki, una kelele. Nitazifichia njia simbi zako."

"Kivipi?"

"Lete kumi. Mwenzako alete kumi, na mwingine kumi. Asizidishe mtu, asipunguze mtu. Natia chungu kimoja, nakoroga. Kila mtu anatoka na tisa, anazitia shimo jipya. Hondohondo atatangaza nini? Tisa, tisa, tisa. Shimo lipi la nani? Hata chungu hakijui."

"Zinaingia kumi, zinatoka tisa. Na moja je?"

"Ada."

"Ada! Kumbe wewe ni Fisi aliyekatwa mkia!"

"Fisi huchukua kumi katika kumi, dada. Mwenye bei nafuu kuliko yangu, nenda kamtafute."

Kanga akajaribu kupatana. "Basi koroga hizi zangu peke yake, unipunguzie."

"Ukikoroga maji ndani ya maji, umepata nini? Lazima uwe na wenzako."

"Wenzangu gani? Kobe kaibiwa, Kindi kaibiwa. Nchi nzima mwenye simbi ni Fisi tu!"

Nyuma ya jiwe pakasikika: hi-hi-hi! Kicheko kile, na harufu ile, nani asiyemjua mwenyewe? Pimbi akamkonyeza Kanga, kisha akasema kwa sauti ya kuita mbuzi: "Ningepata wageni wanne tu, wenye simbi kumi kumi, ningekoroga leo leo!"

Nyuma ya jiwe Fisi akapiga hesabu. Mashimo matano. Nikiwa mimi wale wanne, la tano ni la Kanga. Nitalijua tu! Akakimbia kwake, akazoa simbi arubaini, mali yake yote.

Mara akatokea mgeni mwenye ndevu za nyasi. "Hodi. Mimi Mbuzi. Mee."

"Jina la kweli?"

"La kweli tupu."

"Unamwogopa Fisi, bwana Mbuzi?"

"Simjui."

"Asiyemwogopa Fisi simkorogei. Nenda."

"Namwogopa! Namwogopa!"

"Kwani yukoje huyo?"

"Ni... ni mwizi."

"Na sura?"

"Ya kawaida."

"Nimesema sura!"

"Mbaya."

"Sema kwa nguvu, Mama Kanga hasikii vizuri."

"Fisi ni mwizi na sura mbaya! Mee!"

Kanga alikuwa ameuma bawa lake asicheke. Mbuzi akaweka simbi, akazunguka jiwe. Akarudi amejipaka tope: "Mimi Ngiri." Fisi yukoje? Mwizi, sura mbaya! Akazunguka. Akarudi na unyoya wa asubuhi kichwani: "Mimi Bata." Fisi yukoje? Mwizi, sura mbaya! Akazunguka. Akarudi na kapu mgongoni, anatambaa, ulimi nje: "Mimi Kobe wa Ng'ambo." Fisi yukoje? Hata hakungoja kumalizwa kuulizwa.

Pimbi akamimina zote chunguni. Kolo-kolo-kolo! Vuruga huku, vuruga kule, kolo-kolo-kolo! Akatoa tano za ada, moja akamrushia Hondohondo, maana kutangaza nako si bure. Kisha akasema: "Sikilizeni. Kila mtu achimbe shimo jipya. Jiwe alinong'oneze jina lile lile alilonipa mimi. Na asiweke alama. Fisi ataiona."

Angefanya nini? Angesema Fisi ni mimi?

"Mbuzi!" Akaja mbio, akachukua tisa, akachimba, akanong'ona, akazunguka. "Ngiri!" Akaja mbio, tope linamdondoka. "Bata!" Akaja mbio. "Mee!"

"Bata, una mafua?"

"Kwa-kwa! Ni vumbi, bwana."

Kanga naye alichimba lake Fisi akiwa nyuma ya jiwe anabadili sura. Mpaka Kobe wa Ng'ambo alipomaliza, kichwa cha Fisi kilikuwa kimekorogeka kuliko chungu. Hondohondo akatangaza: "Hoo! Hoo! Tisa mara tano, kwenda mashimo matano mapya: la mkwaju, la jabali, la ukingoni, la mkoche, la mbuyuni!"

Fisi akarukaruka. Manne yangu, moja la Kanga! Akaenda jabalini, akajikuna. Hili nilichimba? Silikumbuki. Nisilolikumbuka ni la Kanga! Akainama: "Kanga!" Jiwe kimya. Siafu: nya, nya, nya! "Uuu-wi!"

Akaenda ukingoni. Silikumbuki hili, basi ni lake. "Kanga!" Nya, nya, nya! Akaenda mkocheni. "Kanga!" Nya, nya, nya! Akaenda mbuyuni. "Kanga!" Hapo siafu wakamfika mpaka kule asikoweza kujikuna mbele za watu.

Na hapo ndipo tone la kwanza lilipoanguka: to!

"Hoo! Hoo! Simbi tisa, kutoka shimo la mkwaju, kwenda ghala la Mchwa!"

Fisi mbio mpaka mkwajuni. "Kanga!" Gwiri! Jiwe hilo. Ndani, udongo mtupu. Kule bondeni Kanga anapita, kapu la mbegu kichwani, vifaranga wanane nyuma, pi-pi-pi.

"Bahati yake," akasema Fisi, "mimi nitakula zangu." Akarudi jabalini. "Fisi!" Nya, nya, nya! Akakumbuka: hakujiita Fisi. Alijiita nani hapa? "Mbuzi!" Nya, nya! "Kobe! Kobe wa Wapi sijui!" Nya, nya, nya! Mpaka leo usiku mkimsikia, uuu-wi, uuu-wi, msidhani ana njaa. Anajaribu majina.

Majina yale yote manne Pimbi alikuwa nayo, si aliambiwa mwenyewe? Na kila shimo aliliona likichimbwa. Siku Fisi yuko mbali akaenda taratibu, gwiri, gwiri, gwiri, gwiri. Simbi za Kobe akamrudishia Kobe. Za Kindi akamrudishia Kindi. Za Kanga akamrudishia Kanga.

"Mbona zimepungua?" akauliza Kobe.

"Ada," akasema Pimbi, akageukia jua.

Haya, funzo. Funzo ni kwamba ada ni wizi: usimlipe mtu, jikoroge mwenyewe kama alivyofanya Fisi. Na kubwa zaidi, mtu mwema hana cha kuficha.

Ngano yangu imefika kizingitini, mwenye miguu aisindikize. Mimi naondoka. Msiniulize nakwenda wapi wala nina nini ndani ya kanga. Nimesema mtu mwema hana cha kuficha. Nani kawaambia mimi ni mwema? Pisheni njia.

Mlango huo: pa!